Povu la Kafuri

Mama yangu ni mwosha. Mwanamke akifariki, iwe mtaa wa Gerezani au wa Jangwani, simu inalia kwetu Upanga, na mama anavaa baibui lake anaenda kumwosha. Miaka yote hiyo ameinama juu ya watu wasioweza kujigeuza wenyewe, na sasa mgongo umemkatalia. Anaswali amekaa kwenye kiti, jambo linalomuuma kuliko huo mgongo. Daktari alimwandikia dawa, akamwambia apumzike, na jioni alale kwenye maji ya moto. Mama alimwangalia kwa huruma, akachukua dawa.

Sinki la kuogea la kulala tunalo. Tulilikuta humo humo kwenye flati, na halijawahi kuogesha mtu. Tunawekea maji ya akiba, maana mabomba ya mji huu yana hiari yao. Juu yake kuna ubao, juu ya ubao kuna madumu. Nilipoanza kuyashusha, mama alisimama mlangoni kama mtu anayeona nyumba yake ikibomolewa.

"Maji yakikatika?"

"Yatakatika tu, mama, hata tusipooga."

Nikaenda Kariakoo na mafua yangu. Mwenye akili hachagui manukato pua ikiwa imeziba, lakini mimi nikishaamua jambo nimeamua. Nikaingia duka la vipodozi. Muuzaji alikuwa dada mmoja mwenye kucha ndefu ambaye hakuonekana kushangazwa na lolote.

"Nataka sabuni ya povu," nikamwambia. "Ya mtu kulala kwenye maji, atulie."

"Kama ni povu, dada, fungua simu yako. Huko watu wanatoa povu bure kutwa."

Hakucheka, na mimi sikucheka. Akaanza kunifungulia chupa. Waridi, asumini, maziwa na asali, oudi ya kutoka Dubai. Nilinusa zote, ikawa kama nanusa ukuta.

"Hii je?"

"Nzuri."

"Na hii?"

"Nzuri."

Akaniuliza kama kuna kitu chochote hapa duniani nisichokipenda. Nikamwambia maswali. Halafu nikaona haya kidogo, nikamweleza ni ya mama, anaumwa mgongo. Hapo akabadilika. Akapanda kistuli, akashusha chupa ya bluu kutoka rafu ya juu. "Ya mgongo ni hii. Harufu yake nzito, lakini inaingia mpaka kwenye mfupa." Nikanusa. "Nzuri," nikasema, nikaongeza na kipande cha sabuni chenye umbo la ua.

Nyumbani nilichemsha maji sufuria baada ya sufuria, nikamimina nusu chupa. Povu likaumuka vizuri, jeupe. Nikatandika taulo jeupe, nikaweka lile ua pembeni, nikamwita mama. Nilijiona mtoto wa maana sana. Akaja amejifunga khanga, akafika mlangoni, akasimama.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Sasa kafuri ya nini?"

Kafuri ndiyo tunayotia kwenye maji ya mwisho ya maiti, kabla ya sanda. Nyumba yetu nzima ilikuwa inanuka maji hayo, na mimi mwenye mafua peke yangu ndiye sikujua. Nilikuwa nimemwandalia mama yangu maji, nimemtandikia kitambaa cheupe, nimemwambia njoo ulale. Nikamkasirikia yule dada wa kucha, nikaikasirikia pua yangu, halafu machozi yakaanza kunitoka.

"Namwaga," nikasema.

"Umwage maji? Una wazimu?" Akainama kwa shida, akatia mkono. "Ya uvuguvugu. Uvuguvugu ni wa maiti. Mimi mzima, chemsha mengine."

Nikachemsha mengine. Akaingia na khanga yake, akakaa wima kama yuko kliniki. Kulala hataki. Anasema mtu hulazwa kwenye maji siku moja tu.

"Mwosha huoshwa," nikamtania.

"Ndiyo. Lakini si leo."

Ila moto ulipoanza kuingia mgongoni, mwenyewe akateremka taratibu, mpaka povu likamfika kidevuni. Akafumba macho. Akanyamaza. Kimya kile, na mimi sasa najua ile harufu ni ya nini, kilinitia hofu.

"Mama. Maji yako sawa?"

"Na mimi huwa nawauliza hivyo hivyo," akasema, macho kayafumba. "Namwaga maji polepole, nasema, dada yangu, yako sawa? Miaka yote hiyo, hajanijibu hata mmoja."

Nilikuwa nimeshika sufuria. Nikamuuliza tena.

"Yako sawa, mama?"

"Ongeza ya moto."