Mgongo Wangu na Jeneza Lisilo na Maiti

Mpaka leo nikipita karibu na ule msikiti wa mtaa wa Wabera kuna wazee wanaoniuliza kama nimefufuka salama, na mimi hucheka pamoja nao kwa sababu sina jingine la kufanya. Mtu aliyeponea chupuchupu kuswaliwa akiwa hai hana tena heshima ya kulinda.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nimerudi Isiolo kutoka chuo kikuu nikiwa na digrii, suruali pana chini na ugonjwa wa kubisha. Mtu akisema mvua itanyesha, nilitaka ushahidi. Nilipata kazi ya ualimu, na kila jioni nilikuwa nikisahihisha madaftari nimejikunja juu ya kitanda cha springi kilichobonyea katikati hata ukilala unakutana na magoti yako. Basi mgongo ukaanza kuuma, kwanza kidogo, halafu ikawa asubuhi navaa soksi kama mtu anayepanda mlima.

Daktari wa kliniki aliniambia, "Mwalimu, lala juu ya ubao, tembea kila siku, na ukiinua kitu kunja magoti, siyo mgongo." Akanionyesha hata namna ya kuamka: ugeuke ubavu kwanza, ujisukume kwa mikono.

"Umejuaje kwamba inasaidia?" nikamwuliza.

"Nimejua kwa sababu wasiofanya hivyo wanarudi hapa."

Nikaona hiyo si hoja. Mama aliponiletea ubao mzuri kutoka kwa fundi, niliusimamisha nyuma ya mlango na kuendelea kulala kwenye shimo langu. Wakati huo nilikuwa nimekosa vipindi vingi sana, mpaka mwalimu mkuu akaniita na kusema kwa upole wa kutisha: Jumatatu anikute nimesimama darasani, la sivyo ataomba mwalimu mwingine. Na kazi ile niliitaka; ndiyo iliyokuwa ikiweka unga nyumbani kwetu Bulla Pesa.

Jumamosi nikaamka najisikia nafuu. Mama alikuwa anamwita jirani amsaidie kuinua debe la maji, nami nikasema niachie mimi, nikainama miguu imenyooka kabisa (nilitaka kuonyesha kwamba habari ya magoti ni porojo), na debe likapanda hadi hapo lilipopanda. Kitu kikasema *kra*. Debe likaanguka, maji yakamwagika, nami nikabaki nimeinama kama ndoano.

"Guyo mwanangu," mama akasema, akiyatazama maji yake yakienda, "chuo kilikufundisha kila kitu isipokuwa debe."

Aliyekuja kuniokoa ni Muthomi, rafiki yangu Mmeru mwenye duka jirani, pamoja na vijana watatu wa plot yetu. Gari halikuwepo. Wakauchukua ubao wangu nyuma ya mlango, wakanilaza, wakanitia mabegani kunipeleka hospitali. Jua lilikuwa kali na vumbi linanipiga machoni, kwa hiyo nikamwomba mama shuka yake nyeupe, nikajifunika kutoka vidoleni mpaka utosini. Huo ndio uamuzi mdogo ninaoujutia.

"Guyo, toa uso nje," Muthomi akasema.

"Kwa nini?"

"Sijui. Haipendezi tu."

"Hiyo si sababu," nikamjibu kutoka ndani ya shuka.

Sasa, kwetu jeneza likipita hakuna anayeuliza ni la nani. Mtu anaacha kikombe chake cha chai, anatia bega, anabeba hatua chache, kisha anampisha mwingine, kwa kuwa kumbeba maiti kuna thawabu. Na huko chini ya shuka mimi nilisikia tu kwamba mwendo umekuwa wa haraka na laini zaidi, mabega yanabadilishana, watu wanasoma kwa sauti ya chini, nikafikiri, loo, watu wa mji huu wakarimu, wananiombea mgongo wangu! (Nilianza hata kupanga jinsi nitakavyobishana na Muthomi kama dua inalegeza misuli.) Muthomi mwenyewe, kama nilivyokuja kuambiwa, alikuwa amebaki nyuma kununua sigara, na wale vijana watatu, walipoona wanapokelewa mzigo, waliachia kwa furaha.

Nikawekwa chini mahali pa baridi. Nikasikia maji, watu wakitawadha. Kisha sauti ya sheikh: "Ni mwanamume au mwanamke?" maana imamu husimama usawa wa kichwa cha maiti mwanamume, na katikati kwa mwanamke.

Wakaanza kuulizana.

"Mimi nilipokea pale sokoni," mmoja akasema.

"Mimi nilipokea kwa huyu."

"Sasa nani anamjua?"

Nami ni mtu ambaye hawezi kuacha swali likae bila jibu. "Mwanamume!" nikasema, nikifunua uso.

Wallahi, sijawahi kuona msikiti ukibaki mtupu haraka vile. Viatu vilibaki bila wenyewe, na mzee mmoja mnene alirudi nyuma mpaka akaketi ndani ya birika la kutawadhia. Kwa hofu nikageuka ubavu, nikajisukuma kwa mikono, nikasimama. Iliuma, lakini nilisimama.

"Samahani sheikh," nikasema, "nilikuwa naenda hospitali."

Sheikh alicheka mpaka akakaa chini. Yule wa birikani hakucheka. "Sasa thawabu zetu zimekwenda wapi?" akalia, kanzu ikichuruzika maji.

"Thawabu ni kwa nia, hukupoteza kitu," sheikh akamjibu, kisha akanigeukia. "Ila wewe mwalimu umebebwa na mabega ya watu kabla zamu yako haijafika. Siku moja utalilipa deni hilo kwa bega lako."

"Kwa mgongo huu?"

"Ndiyo maana utautunza."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, polepole, Muthomi, aliyekuwa ametufuata mpaka msikitini, akiubeba ubao nyuma yangu. Mama, aliyekwisha kusikia kwamba kuna msiba umepita njia ileile, alinipiga bega huku analia na kucheka. "Umekufa bila kuniambia?"

Jumatatu nilisimama darasani nimeshika meza, na mstari wa nyuma ukanong'ona, "Marehemu amefika." Mwalimu mkuu alichungulia dirishani, akaenda zake. Nikalala juu ya ubao, nikatembea kila asubuhi mpaka nje ya mji, nikakunja magoti hata kwa kuokota chaki. Maumivu hayakukimbia, yaliondoka kama mgeni anayeaga mara nyingi mlangoni, lakini yaliondoka.

Niliapa sitajifunika uso tena juu ya kitu chochote kilicho bapa. Na baada ya mvua za masika nikakuta watu wanainua jeneza karibu na soko. Yule mzee wa birikani alikuwa mbele. Akanisogezea nafasi.

"Haya mwalimu, leo uko chini ya ubao."

Swali likanijia mdomoni (mmehakikisha?), nikalimeza, nikakunja magoti, nikatia bega. Mgongo ukanyamaza.