Siku Boti za Vita Zilipofika Kebirigo

Mpaka leo nikipita soko la Kebirigo nimeshika koti mkononi, akina mama wa ndizi hunipigia kelele, "Mwalimu, livae hilo koti, tuna wakwe hapa!" na wanacheka mpaka wanashikana mabega, nami nacheka nao, kwa sababu nitafanya nini, aibu yenyewe niliifanya mchana kweupe mbele ya umati, na ningekuwa mtu wa kujificha ningeshahamia Tanzania.

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi mwalimu kijana, kwetu Kiogoro, nimepelekwa kufundisha huko Kebirigo, na sikumaliza hata muhula mmoja kabla sijampenda Kerubo, binti aliyekuwa akishona nguo pale sokoni. Yeye alinikubali bila kunisumbua sana (akisoma hapa atakataa, msimsikilize). Kazi ilikuwa baba yake. Mzee Makori hakusema ndiyo, hakusema hapana, kila nilipotuma wajumbe aliwapa uji, akawaaga vizuri na kuwaambia, "Huyo mwalimu bado namtazama." Sasa nawauliza, mtu akikwambia anakutazama utaishi vipi? Mimi nilikosa raha hata ya kupiga chafya barabarani.

Basi akina mama wa kanisa wakaamua kufanya harambee ya paa la ukumbi, na ili watu waje wakasema kutaonyeshwa video, na mwenyekiti wao, shangazi Bosibori, ambaye ni dada yake Mzee Makori, akaniita kando. "Mwalimu, wewe ndiye utaleta filamu na kutueleza wazungu wanasema nini. Lakini iwe ya heshima. Kaka yangu na mke wake watakaa mbele kabisa. Ensoni unaijua."

Niliijua sana. Ensoni kwetu Wagusii ni ile haya ya kuheshimiana, na kwa wakwe ndiyo kali kupindukia. Baba mkwe na mkwe hawawezi kukaa pamoja wakitazama mambo ya mapenzi, hata kuku wakianza mambo yao uani mmoja wenu anakumbuka ana shughuli. Na mama mkwe ndiyo usiseme, hushiki hata mkono wake, mkikutana njiani unampisha, unamsalimu ukiangalia majani ya chai shambani.

Nikaenda Kisii mjini, kwenye duka la kukodisha kanda la familia moja ya Kihindi, na pale kwenye kaunta nikaiona: filamu ya zamani ya Hollywood, picha yake ni wanamaji wamesimama juu ya boti za kurusha torpedo, moshi, mawimbi, nyuso za hasira. Nikasema hii hapa! Wanaume watupu, maji na baruti, mapenzi yatapitia wapi? Mama mwenye duka, aliyekuwa na roho nzuri ajabu, akaniambia, "Mwalimu, chukua leo, tazama kwanza nyumbani, iko ndefu." Na hapo ndipo nilipojimaliza, kwa sababu palikuwa na mabinti wawili wanachagua kanda, nami nikavimba kifua, "Hii? Hii nimeitazama mpaka nimeikariri." Sikuwa nimeiona hata dakika moja.

Jumapili alasiri ukumbi ukajaa mpaka madirishani, madirisha yenyewe yamefunikwa mablanketi ili picha ionekane. Televisheni ilikuwa ya mchungaji, jenereta ya mwenye kinu cha kusaga, waya umepitishwa sakafuni. Mzee Makori mbele, kofia magotini, mama Kerubo kando yake amejifunga leso mpya. Kerubo mwenyewe alikuwa nyuma akigawa chai. Nikasimama kando ya televisheni na fimbo yangu ya darasani, nikaanza kutafsiri kwa Ekegusii.

Jamani, nilikuwa moto! Sisi ni watu wa milimani, boti tulizozijua ni zile za kwenye kitabu cha jiografia, kwa hiyo kila kitu kilikuwa kipya. Torpedo sikuijua, lakini mwalimu hakosi jibu, nikasema ni gogo la chuma linaloogelea lenyewe mpaka limpate adui. Mzee mmoja akauliza, "Linajuaje njia?" Nikamjibu, "Limefundishwa." Ukumbi ukaguna kwa heshima. Vile viboti vidogo vikaikimbilia meli kubwa kama mbwa wanaomfukuza ng'ombe dume, watu wakapiga makofi, wakaimba, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi moyoni nikasema, Mzee Makori, nitazame sasa, nitazame vizuri!

Mara boti zikafika bandarini. Nahodha akashuka, akanyoa ndevu, akavaa nguo safi. (Mtu mzima angeshtuka hapo. Mwanaume akinyoa katikati ya vita, kuna jambo.) Akatokea muuguzi. Muziki ukageuka, ukawa wa vinanda vya kulialia. Nahodha akamshika muuguzi mkono, nyuso zikaanza kusogeleana polepole, na mimi jasho likanitiririka mpaka kwenye soksi, maana nyuma yangu alikuwa amekaa baba mkwe wangu mtarajiwa na mkewe.

Sikufikiri. Nilivua koti, nikalitandaza kwa mikono miwili mbele ya kioo, mgongo wangu kwa watu, nikatangaza, "Hapa wanapanga vita!"

"Wanapanga na mwanamke?" sauti ikatoka nyuma.

"Ana siri za adui!"

"Basi tuzione!"

Nikachungulia juu ya koti. Bado. Nikashika sana. Nikachungulia tena, bado, tena sasa ndiyo kwanza wamekolea, wazungu hawa hawapumui? Kama ningekuwa nimeitazama ningejua ni muda gani, lakini nilikuwa gizani kama wenzangu. "Mwalimu, wamemaliza kupanga?" "Bado kidogo!" Vijana wakaanza kupiga miluzi, mmoja akasema turudishiwe mchango wetu, shangazi Bosibori akasema nyamazeni, mimi nikalipandisha koti juu zaidi.

Ghafla bandari ikalipuliwa. Mlipuko wenyewe! Sauti ilipanda mpaka mabati ya zamani yakalia, nikaruka nyuma, mguu ukanasa kwenye waya, na nikaenda chali. Sikuanguka chini. Heri ningeanguka chini. Niliketi, tena vizuri kabisa, mtu mzima mwenye cheti cha ualimu, mapajani mwa mama Kerubo.

Televisheni ilizimika. Ikabaki sauti ya jenereta huko nje. Mama Kerubo akasema kwa sauti ndogo tu, "Nyasae! Mungu wangu!" na mimi nikainuka kwa kasi ambayo sijaipata tena maishani, koti kichwani, nikitamani ile meli ya adui inichukue.

Mzee Makori akasimama, akanielekezea kofia. "Mbuzi!" akanguruma. "Nataka mbuzi wa ensoni nyumbani kwangu kesho! Humvunjii heshima mama mkwe wako hivi mbele ya watu!"

Nilijua nimekwisha. Kerubo wangu basi tena. Nikaangalia sakafu.

Ndipo shangazi Bosibori akainuka taratibu, akafunga leso yake. "Kaka, hebu nielewe. Mbuzi huyo anatozwa nani?"

"Mkwe asiye na adabu!"

"Mpita njia akimwangukia mke wako, utamtoza?"

"Mpita njia si mkwe, atasema pole aende!"

"Na huyu?"

Mzee akaishusha ile kofia. Akaniangalia, akamwangalia dada yake, akauangalia umati ambao tayari ulikuwa umeelewa na unasubiri. Ukumbi ukalipuka kuliko ile bandari. Vigelegele, benchi zinaanguka, mama Kerubo amejifunika uso kwa leso na mabega yanacheka. Mzee akavaa kofia yake. "Awe mnene," akasema, akatoka.

Nilipeleka mbuzi mnene. Wajumbe wangu safari hii hawakupewa uji tu, walipewa siku ya kuja kuzungumza mahari.

Jioni ya siku ile ya video Kerubo aliniletea chai, machozi ya kicheko yakimtoka. "Sasa ulikuwa unamfichia nani? Baba alikuwa amesinzia tangu boti ya kwanza. Wewe ndiye uliyemwamsha."

Filamu sijui iliishaje, na sitaki kujua. Nimeapa, nikiwa na wakwe natazama taarifa ya habari peke yake, na matangazo ya biashara yakianza natoka nje kuangalia ng'ombe. Mzee Makori naye, nikigeuka, namkuta ameshanitangulia zizini.