Mistari Mitatu ya Wino Mwekundu

Muuza magazeti wa kona ya posta ana vidole vyeusi kwa wino na mdomo usiojua kunong'ona. Kila asubuhi huyapanga magazeti yake matatu, kila moja na jiwe lake. Siku za safu ya Mzee Kalamu, anayewaumbua waandishi wanaonakiliana, huisoma kwanza yeye, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mteja anayengoja chenji na angoje.

Leo magazeti yametangaza kifo cha Mzee Kalamu, na wasomaji wake wamemzunguka muuza magazeti kama waliofiwa. Anayafunua magazeti yote matatu ubavu kwa ubavu, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Haya, oneni! Neno kwa neno! Na yote yanasema ameacha mjane. Mjane gani, jamani? Mkewe si tulimzika mwaka juzi?"

"Labda wamekosea tu, dada," anasema mwalimu mmoja.

"Wote watatu wakosee kosa lile lile? Hata binti yake hawakumpigia simu!"

Anachukua kalamu nyekundu ambayo marehemu aliisahau hapo mezani wiki iliyopita, analipigia mstari neno "mjane" mara tatu, gazeti kwa gazeti. Mwalimu anauliza anunue lipi.

"Chukua lolote, mwalimu. Aliyekuwa akituchambulia ndiye tunayemzika."