Walipiga Windo, Wakamfuta Mzee

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni kwanza hizo simu chini. Mimi darasani niliishia la tatu, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema, na leo nasema nikiwa na hasira. Msidhani ni hasira ya zamani. Bado ya moto.

Hapa kwetu Kituntu tuna kompyuta ya mezani. Imechakaa. Boksi lake ukiliwasha linanguruma kama kinu cha kukobolea kahawa. Mwanangu ninayekaa naye ndiye aliyeileta, akaiweka sebuleni, akaifunika kitambaa cha kudarizi kama kochi la wageni. Mimi nilikuwa siitazami hata kidogo, mpaka walipomwingiza mzee wangu ndani yake.

Mzee wangu huyo, mume wangu, ni marehemu sasa. Mwaka wake wa mwisho wa kukamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, mjukuu alimpiga video kwa simu. Yupo ndani ya mtumbwi wa kukamulia, suruali kaikunja hadi magotini, anakanyaga ndizi na nyasi, anaimba. Wimbo ni wake mwenyewe. Anakisifu kibanja chetu cha migomba, anazisifu ndizi zake, halafu anamsema shemeji yake anayefika rubisi ikishaiva lakini siku ya kuchimba shimo la kuivishia ndizi anaumwa mgongo. Katikati anasimama, anafoka: "Wewe mtoto, nimekutuma nyasi, unanichungulia na simu?" Anacheka. Anaendelea kukanyaga.

Simu ile ilitumbukia chooni. Ikabaki ile video iliyokuwa imeshahamishiwa kwenye kompyuta, basi. Mwanangu akaniwekea video pale usoni, ukiwasha tu unaiona, akaniambia, "Mama, bonyeza hapa mara mbili." Basi kila Jumapili nikitoka kanisani nakaa na mume wangu. Chai yangu, na yeye na kelele zake.

Kompyuta ikaanza uzito. Ukiibonyeza unaweza kwenda kuchuma maharage ukarudi bado inafikiri. Mwanangu akasema, "Mama, hii imechoka, lazima ipigwe windo."

"Ipigwe nini?"

"Mfumo wake wa zamani unafutwa, inawekewa mpya. Inakuwa kama imezaliwa leo."

Niliposikia kufutwa nikaacha kumenya ndizi. Nikamuuliza, "Na baba yako?"

"Baba yuko salama. Si yuko pale juu, anaonekana? Kitu kinachoonekana kitapoteaje?"

Nikamwamini. Ndiye aliyesoma.

Fundi alikuja na bodaboda kutoka Bugene, kijana mwenye adabu, akaniamkia shikamoo kwa mikono miwili. Tukampa kahawa ya kutafuna kama tunavyompa mgeni yeyote. Halafu mwanangu akatoka zake kukata majani ya ng'ombe, akamwacha peke yake. Kwa nini? Kwa sababu mimi mwenyewe nimewafundisha kwamba mgeni hasimamiwi kichwani. Kweli, nimewafundisha. Lakini hilo ni la mgeni anayekula! Mgeni aliyeshika kisu, awe wa kuchinja mbuzi au wa kufungua kompyuta, unakaa naye.

Fundi alimaliza, akaondoka. Kompyuta ikawa nyepesi, watoto wakashangilia, mwanangu akaenda kwa rafiki yake akarudi na flashi imejaa filamu, akazimwaga zote humo. Nyumba nzima ikakaa mbele yake kama misa ya Krismasi.

Jumapili nikatoka kanisani. Nikaweka chai. Nikawasha. Usoni pamekuwa peupe, kuna picha ya milima nisiyoijua.

"Yuko wapi?"

Mwanangu akatafuta huku, akatafuta kule. "Mama, subiri."

"Nasubiri nini? Baba yako nilimsubiri miaka yote akirudi kilabuni, alikuwa anafika. Huyu wa leo anafika?"

Akampigia fundi, fundi akarudi. Yeye ndiye aliyenieleza vizuri. Alisema kompyuta ina vyumba viwili, kimoja kinaitwa C na kingine D. Ukipiga windo, cha C kinafutwa, cha D kinabaki. Na vile vinavyoonekana usoni, vyote vinakaa C.

"Nilimuuliza huyu kabla hajaenda kwenye majani, bibi," akasema. "Nilimwambia, kaka, C ina kitu? Akasema futa tu, vitu vyetu viko D."

Mwanangu akatazama sakafu.

"Sasa hakuna namna?" nikauliza.

"Namna ipo, ila ndogo. Kilichofutwa hakiondoki mara moja, bibi. Ni kama viazi, umevuna lakini vingine vimebaki chini, ukichimba unavipata. Ila msiwe mmelima tena juu yake na kupanda kitu kingine."

"Wamepanda."

"Wamepanda nini?"

"Waulize wenyewe."

Mjukuu akajibu kwa sauti ndogo, "Filamu."

"Nyingi?"

"Imejaa."

Fundi alichimba mpaka jua likainama. Akapata picha za ubatizo wa mjukuu. Akapata pia jina la ile video, nikafurahi mpaka nikasimama. Akaifungua. Giza, kimya. Jina lipo, mtu hayupo. Akaniomba radhi. Sikumgombeza, yeye aliuliza akajibiwa.

Mwanangu ndiye niliyemgeukia.

"Mama, sikujua."

"Ungesema hivyo fundi alipokuuliza! Si ungekuja jikoni, hatua chache, ukaniuliza mimi ninayekaa naye kila wiki? Haya. Imba."

"Niimbe?"

"Wimbo wa baba yako. Umeuangalia mara ngapi? Imba."

Akaanza. Akaimba mstari wa kwanza, wa pili akachanganya, akanyamaza. Nikamgeukia mjukuu aliyepiga video kwa mkono wake. Naye hana kitu. Mke wa mwanangu akajaribu pale pa shemeji mwenye mgongo, akacheka, akaona uso wangu, akaacha. Nyumba nzima ilikuwa inamtazama mzee, na hakuna hata mmoja aliyemsikiliza! Hapo ndipo hasira ya kompyuta ilipoisha, ikaanza ya pili, na hiyo ndiyo ninayo mpaka sasa.

Mimi wimbo ninao wote. Lakini kwetu mwanamke haingii kwenye mtumbwi wa kukamulia, na wimbo ule hauimbwi umekaa kwenye kochi. Unafuata miguu. Bila ndizi chini ya nyayo utauimba kama tangazo la kijiji.

Nikachomoa waya wa kompyuta ukutani. Nikasema, wote wakisikia, na fundi akiwa bado na kikombe mkononi:

"Mtumbwi wa mzee utolewe nyuma ya zizi, usuguliwe. Wewe mwanangu, kesho asubuhi chimba shimo, ndizi ziingie ziive. Zikishaiva utaosha miguu, utakanyaga na utaimba, na mimi nitakaa hapo pembeni na fimbo. Ukikosea mstari, unaanza upya. Na huyo mtoto aniletee nyasi, simu aiache ndani."