Gari Lililooshwa Mara Tatu

Gari langu linanizidi miaka miwili. Nililinunua kwa mpima ardhi aliyestaafu, mtu aliyelizungusha nyika yote ya pwani hii akitafuta mawe ya mipaka. Siku ya kunikabidhi funguo alisema, "Halijawahi kunilaza njiani." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Nyumbani, ndiyo."

Ni gari la nyikani: pana, limeinuka, magurudumu yote manne huvuta ukitaka, na injini yake ni ya petroli, ya zamani, isiyojua kompyuta. Mji wa Kale haukujengwa kwa ajili yake. Nikipita Ndia Kuu hukunja vioo vyote viwili, na wauza vinyago huvuta meza zao ndani kwa upole wa watu waliokwishazoea. "Pita, bibiye, pita," huniambia mmoja wao, "ila ukirudi tuarifu mapema tuhame." Asubuhi huvuta choki, kile kipini cha kuizidishia petroli injini iliyolala baridi, kiasi cha vidole viwili, nikahesabu hadi kumi, ndipo nikawasha. Nikihesabu saba haliwaki. Nikihesabu kumi na tano harufu ya petroli humfanya jirani wa ghorofani afunge dirisha kwa kishindo. Yote haya nimeyaandika katika daftari linalokaa chini ya kiti: siku, ugonjwa, dawa. Watu wakiniuliza kama gari kuukuu ni la kutegemewa, huwaambia lategemewa kama mtu mzima mwenye tabia zake. Ukishazijua, mnaishi vizuri.

Mwaka jana, mvua za masika, nilijifunza tabia moja ambayo haikuwamo daftarini.

Mama yangu mdogo hupika. Ana jiko uani kwetu, na mchana huwauzia chakula watu wa maofisini. Mmoja wa wateja wake alikuwa binti wa upande wa Kinango, karani mjini, aliyekula kwake kwa miaka. Binti alipoposwa alitaka jambo moja tu: biriani ya harusi yake ipikwe na mama mdogo. Kwao hilo halikupokelewa vizuri. Kwao chakula cha harusi hupikwa na wanawake wa ukoo, uani kwa bi harusi, kwa nyimbo na vijembe, na kukiagiza mjini ni kama kutangaza kwamba hawajui kupika. Binti akabembeleza hadi shangazi yake mkubwa akakubali, kwa sharti. Nikaha ingefungwa msikitini baada ya sala ya adhuhuri. Chakula kiwe kimefika kabla wanaume hawajatoka msikitini. Kisipofika, wao watapika chao, na biriani ya mjini irudi mjini.

Mama mdogo alikuwa amewapikia watu wenye haraka ya kurudi kazini kwa nusu ya umri wake. Hakuna aliyewahi kumwita harusini ila kula. "Nikiikosa hii," aliniambia, "nitabaki muuza chakula cha mchana mpaka nife."

Mvua ilikuwa imenyesha siku nne, na kutoka Mazeras kuingia ndani njia ni udongo mtupu. Wenye magari ya kukodi walikataa wote. Akaja kwangu.

"Gari lako litafika?"

"Litafika."

"Sema inshallah, usiseme kama wewe ndiye uliyeiumba njia."

"Inshallah litafika."

Siku ya harusi, saa mbili asubuhi, sufuria mbili za wali zilikuwa zimekaa juu ya moto mdogo na makaa yamepaliwa juu ya mifuniko. Ya tatu, ya rojo, ilikuwa tayari. Nikatoka kwenda kutafuta turubai la kuzifunikia. Niliporudi, maji yenye povu yalikuwa yakiteremka kichochoroni kunilaki. Boneti ilikuwa wazi. Mama mdogo alikuwa amejifunga leso kiunoni, ndoo mkononi, akiimwagia injini.

"Mama, unafanya nini?"

"Paka wa mtaa alizaa humu juzi. Damu ya paka ni najisi. Chakula cha watu wanaotoka kusali kipande gari lenye najisi?"

"Chakula kinakaa nyuma. Injini iko mbele."

"Gari ni moja," akasema, akamalizia ndoo.

Nikaketi, nikavuta choki vidole viwili, nikahesabu hadi kumi, nikawasha. Injini ikazunguka na kuzunguka bila kushika. Nikahesabu saba. Nikahesabu kumi na tano. Dirisha la ghorofani lilikuwa limekwishafungwa.

Nikampigia fundi wangu. Ni mtu wa bara, alifanya kazi reli kabla ya kufungua karakana yake ya mabati karibu na Buxton, na hili gari analijua kuliko mimi. Alikuja kwa tuktuk, mfuko wa vyuma mapajani. Akatazama boneti inayong'aa, akatazama kichochoro kilicholowa.

"Nani ameosha hii injini?"

Majirani waliokuwa barazani wakageuza nyuso kutazama mahali pengine.

"Mimi," mama mdogo akasema. "Mara tatu."

"Mara tatu? Kwa nini mara tatu, mama?"

"Ya kwanza kuondoa uchafu, ya pili kuitakasa, ya tatu kuuridhisha moyo wangu."

"Moyo wako umeridhika?"

"Ulikuwa umeridhika mpaka ulipokuja wewe na maswali."

Fundi akachomoa kile kifuniko cheusi cha distributa, inayogawa moto kwenda kwenye plagi, akakiinamisha. Maji yakamwagika kama chai kutoka kwenye birika. Akakifuta, akatikisa kichwa. "Kitambaa haitoshi. Lazima ikauke ndani. Jua lingetoka, nusu saa tu."

Sote tukatazama mbingu. Hapakuwa na jua la kuazima.

"Makaa yafaa?" mama mdogo akauliza.

Akaenda uani, akapakua makaa kutoka juu ya mfuniko wa wali, akayaleta kwenye sinia na kuliweka barazani, mbali na gari. Fundi akaweka kile kifuniko pembeni mwa sinia, na plagi nne kando yake. Mama mdogo hakumruhusu aviguse tena. Alivigeuza mwenyewe kwa koleo, upande huu, upande ule, akipeleka kiganja karibu kupima moto.

"Usiiunguze, mama."

"Sijaunguza kitu tangu hujazaliwa."

Mzee mmoja barazani akauliza kama vitaliwa na nazi au bila nazi.

Saa nne na dakika ishirini injini ilishika, ikakohoa mara mbili, ikatulia katika mngurumo wake wa kila siku. Tulikuwa tumechelewa karibu saa nzima. Tukapakia sufuria, midomo yake imezibwa kwa unga uliokandwa ili mvuke usitoke, tukazivika magunia na turubai. Fundi akapanda nyuma, akazikumbatia. Alisema ni kwa sababu hajui kama kazi yake itafika, lakini nadhani harufu ilichangia.

Makupa ilikuwa na malori ya bandarini, kama kawaida. Miritini yakazidi. Mama mdogo alikuwa na saa yake mapajani, akiitazama kila mara kana kwamba ingemwonea huruma. Adhuhuri iliadhiniwa tungali Mazeras. Tukaacha lami, nikaingiza magurudumu yote manne, na gari ambalo Ndia Kuu huonekana kama kabati lililopotea njia likawa limefika kwao. Liliteremka makorongo, likapanda, likateleza kidogo na kujirekebisha. Nilisahau kuogopa.

Kisha kwenye kona tukakuta gari la abiria kumi na wanne limezama hadi mlangoni, limeziba njia nzima. Wanaume kadhaa wenye kanzu walisimama kando, viatu mikononi. Mmoja alikuwa na joho na kilemba, na tope hadi magotini.

"Asalamu aleikum," akatusalimu. "Mimi ndiye bwana harusi."

Mama mdogo akaitikia salamu. Kisha akaniinamia, akasema polepole, "Nikaha haijafungwa."

"Haijafungwa."

"Basi wanaume hawajatoka msikitini."

"Watatokaje, na bwana harusi yuko hapa?"

Nilimwona akifikiri, na nikaona alichokuwa anakifikiri. "Mama!"

"Sijasema kitu," akasema, akateremka. Alijifunga leso tena na kwenda kusukuma pamoja na wanaume. Fundi akafunga kamba, nami nikarudi nyuma kwa gia ndogo, taratibu. Gari lile likang'oka kwenye tope kwa sauti ya kiatu kinachovuliwa. Bwana harusi akaanza kushukuru. Mama mdogo akamkatiza, kidole juu.

"Shukrani baadaye, mwanangu. Sisi mbele, wewe nyuma. Usinipite hata kwa bahati mbaya."

Moshi tuliuona kabla ya kijiji. Kuni zilikuwa zinawaka uani, meko matatu, wanawake wakiosha mchele. Shangazi mkubwa alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu, fimbo mkononi. Tukazima injini. Mama mdogo alishuka, leso yake yote tope, akamwamkia kwa heshima.

"Wanaume bado wamo msikitini," akasema.

Shangazi akatazama upande wa msikiti. Akatazama lile gari la abiria likiingia nyuma yetu, na bwana harusi akikimbia na joho lake mkononi. Kisha akaamuru mfuniko mmoja ufunguliwe.

Unga ulipopasuliwa mvuke ulitoka wote kwa mpigo, na wanawake waliokuwa wakiosha mchele wakaacha. Shangazi akachota kidogo kwa vidole vitatu, akapuliza, akala. Akachota tena.

"Kuni hizo zipunguzwe," akasema. "Bakisheni jiko moja la chai."

Akaagiza upawa wake uletwe kutoka ndani, wa mti, mpini umekuwa mweusi kwa miaka ya harusi. Akamkabidhi mama mdogo.

"Pakua wewe. Sisi tutabeba."

Mama mdogo akaupokea kwa mikono miwili, akaketi kwenye kibao mbele ya sufuria, na wanawake wa ukoo wakapanga foleni na masinia yao.