Mzee wa Kwenye Santuri

Mwimbaji niliyempenda kuliko wote katika ujana wangu alikuwa mzee sana. Ndivyo nilivyoamini. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kujikokota, na kazi yake katika wimbo mzima ilikuwa kumbembeleza msichana fulani amngoje siku ya soko kule Karatina. Mama akimsikia alifyonya.

"Mzee mzima, ati angojwe na msichana! Kwani hana bibi nyumbani?"

Mimi sikujali. Mzee huyo ndiye aliyenifundisha kukimbia.

Hii ilikuwa Mweiga, miaka ya mwanzo ya uhuru. Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, ambaye tulimwita Tata, aliwahi kumfanyia kazi mama mmoja wa Kizungu mwenye shamba huko upande wa Aberdare. Mama yule alipouza shamba akarudi kwao, alimwachia Tata gramafoni ya betri. Tata akapanda gari hadi Nyeri, akasimama dukani asubuhi nzima akisikiliza, na akarudi na santuri moja. Haikuongezeka ya pili. Betri nazo zilipoanza kuchoka, hakununua nyingine. Alizitoa, akazianika juu ya bati la banda la ng'ombe pamoja na mahindi, na jioni akazirudisha. Zikishika moto kidogo, mzee aliimba.

Mwalimu wa michezo wa shule yetu aliniona nikikimbizana na ndama, akanichagua. Alikuja nyumbani na kamba, akatupimia malisho yetu, akasema mizunguko miwili ndiyo mbio zenyewe za wasichana. Ila saa ya kupimia mbio shule haikuwa nayo.

"Saa ya nini?" Tata akauliza. "Si wimbo uko?"

Basi ikawa hivyo. Tata aliketi juu ya debe lililopinduliwa, gramafoni kwenye kigoda mbele yake. Akishusha sindano, mimi huyo! Ngoma ilinipa hatua, hatua moja kwa kila pigo, na sauti ya mzee ilinisukuma mgongoni nikipanda ule upande wenye mwinuko. Siku za kwanza wimbo uliisha nikiwa bado nahangaika kwenye kona ya mwisho, na ng'ombe wakinitazama kwa huruma. Baadaye nikawa namaliza pamoja na mzee. Kisha, jamani, nikaanza kumwacha! Katikati ya wimbo kulikuwa na mahali ambapo mzee alinyamaza na gitaa likabaki peke yake, likipanda na kupanda. Kufikia msimu wa mashindano nilikuwa nafika mwisho gitaa likianza tu. Nilijirusha kwenye nyasi nikicheka hadi mbavu zikaniuma, na Tata alirukaruka pembeni yangu na leso yake. Majirani walikuja kuegemea ua. Nilivimba kichwa, sikatai. Nilianza kutembea kama mtu ambaye picha yake iko ukutani.

Mtu mmoja tu hakufurahi, naye ni baba. Baba alikuwa na neno moja: maziwa. Kila alfajiri mimi ndiye niliyeyabeba hadi barabarani kabla lori la maziwa halijapita, nikimwimba mzee wangu kimoyomoyo ili nisichelewe. Sasa mwalimu alikuwa amesema kwamba msichana atakayeshinda Nyeri ataingia timu ya mkoa na kwenda kambini muhula mzima.

"Maitu," baba akaniambia, yaani mama, maana nilipewa jina la mamake na hakuniita vingine, "ukienda kambi, maziwa itabebwa na nani? Na ng'ombe?"

Nikasema nitashinda.

"Basi ukishinda, tutaona. Lakini ukishindwa, hiyo mambo ya kuzunguka-zunguka kwa nyasi yangu imekwisha. Kabisa."

Baba hakuwa mtu wa kusema kabisa halafu abadilike. Usiku ule nililala nikijua kwamba yote niliyokuwa nayo duniani ni mizunguko miwili.

Uwanja wa Nyeri ulikuwa umejaa. Kulikuwa na vipaza sauti juu ya nguzo, na mtangazaji mmoja mwenye tai nyekundu aliyecheza muziki kati ya mbio na mbio kwa mashine ya umeme. Wasichana wa Tetu walikuwa wamevaa viatu vya raba. Mimi nilikuwa na miguu yangu. Tulipoitwa mstarini, nilimwona Tata akipanda jukwaa, santuri kwapani na mayai ya kuchemsha mkononi, akimpigia mtangazaji domo. Mzee wangu alikuwa amekuja!

Bunduki ikalia. Sindano ikashuka.

Yule hakuwa mzee wangu. Kutoka juu ya nguzo zote ilitoka sauti nyembamba, nyepesi, ya kijana ambaye hata ndevu hazijamtoka. Maneno yalikuwa yale yale, Karatina ile ile, msichana yule yule, lakini alikuwa akiyamwaga kana kwamba soko linafungwa! Ngoma nayo ilikimbia. Miguu yangu, iliyozoea kutii pigo la ngoma, haikuniuliza. Ilifuata. Nikajikuta niko mbele ya wasichana wa Tetu, nikikimbia mwendo ambao sijawahi kuukimbia, nikitaka kulia na kucheka kwa pamoja.

Halafu, nikiwa ndiyo kwanza namaliza mzunguko wa kwanza, gitaa likaanza.

Gitaa! Mahali pangu pa kujirusha kwenye nyasi! Na mzunguko mzima ulikuwa bado! Kichwani sikuona wasichana wengine tena. Niliona debe la maziwa, alfajiri baada ya alfajiri, hadi uzeeni. Nimechelewa, nikajiambia, leo nimechelewa kuliko siku zote, na nikamfukuza yule kijana kwa hasira. Nilimtukana nikikimbia, hata wasichana waliokuwa nyuma yangu walidhani nawatukana wao. Kwenye kona ya mwisho alikuwa akimuaga msichana wake. Nilipita mstari naye akiwa bado hajamaliza neno la mwisho.

Nikaanguka. "Nimeshindwa," nikamwambia Tata aliyekuja mbio, leso mkononi.

"Umeshindwa na nani? Angalia nyuma!"

Nikageuka. Wa Tetu ndio kwanza walikuwa wanaingia.

"Na yule kijana ni nani?" nikauliza.

Tata alicheka hadi akaketi chini. "Ni huyo huyo wako! Hata mimi nilimsikia hivyo dukani, siku ile nilimchukua. Kwetu betri zimechoka, ndiyo anajikokota; leo amekula umeme akashiba, ni hivyo tu."

"Na ulijua hiyo siku zote?"

"Nilijua. Lakini ulikuwa unafurahi sana, mtoto wangu. Mtu mwenye furaha hiyo hasimamishwi."

Jioni ile nyumba ilijaa watu. Tata akarudisha zile betri zake za juani, na mzee akaamka, akaanza kujikokota na Karatina yake. Watu walianguka kwa kicheko. Baba akainuka, akaweka bakora kando, akaanza kucheza peke yake katikati ya nyumba, goti moja, halafu la pili, macho yamefumbwa.

"Wacheni kucheka," akasema. "Hii ndiyo spidi yangu."

Alfajiri niliamka kubeba maziwa, nikakuta debe halipo. Nilitoka mbio hadi kwenye ua. Kule chini njiani, katika umande, baba alikuwa amelibeba mgongoni kwa kamba ya kichwani, kama akina mama, akipiga mluzi wa wimbo ule polepole kabisa.

"Baba!" nikaita.

"Rudi ulale, Maitu," akajibu bila kugeuka. "Najaribu tu kuona kama nitaweza muhula mzima."