Chenga Juu ya Mpunga

Mudathiri, fundi wa kusafisha video za droni, hakuwahi kufungua video ya mtu bila kubisha hodi. Aligonga ukingo wa kompyuta kwa kidole, "Hodi," ndipo akabonyeza. Droni, alisema, huingilia watu uani kwa juu, wanawake wako vichwa wazi. Basi walau mmoja abishe. Wateja wake pale Kibiti walimcheka, na kazi wakaendelea kumletea: harusi za Mtunda zinazotikisika, daraja la Ndundu lililopindapinda, mashamba yaliyojaa chenga, zile nukta zinazochezacheza kwenye picha. Yeye alituliza, akasafisha.

Mama yao alipofariki, dada yake Mwanamina akamletea video ya mashamba ya Maparoni, iliyopigwa kabla ya mafuriko. Mama yumo, anapita kwenye tuta na ungo kichwani, mdogo kama punje. Picha yake nyingine inayotembea haipo duniani. Lakini mpunga wote ulimetameta na kuchezacheza hadi macho yakauma.

"Nisafishie, nimwone."

Akasafisha. Mpunga ukatulia kama mkeka. Mwanamina akainama karibu na kioo.

"Mama yuko wapi?"

Mudathiri aliirudisha mara mbili. Programu hulinganisha picha na picha. Kilichotulia hukiacha, kidogo kinachosogea hukifuta.

"Imemdhania chenga, dada."

"Chenga!" Mwanamina alisimama. "Wewe uliyekuzwa kwa uji wa chenga, mama akipepeta mchele wa watu! Maharusi wa wenzio unawang'arisha, mama yako ndo unampeperusha? Fundi gani wewe?"

"Ya mwanzo ninayo, sijaigusa."

Alijaribu tena, kidogo kidogo. Kila mpunga ulipotulia, mama alififia; mwisho ukabaki ungo unaoelea peke yake. Akamrudishia dada yake ile ya mwanzo, na metameta zake. Mwanamina aliipokea, chai aliyowekewa akaiacha.

Baadaye alizoea. Alimtambua mama kwa mwendo, katikati ya vurugu ile.

Figo zilipomlaza Mudathiri hospitali, Mwanamina aliiweka simu juu ya mto wake, wakaitazama pamoja. Mgonjwa alikuwa amevimba uso, pumzi fupi. Kwa kutafuta tu la kusema, dada akamwambia yuko fundi mpya Ikwiriri, ana kompyuta kubwa, anasema ataweza kuisafisha.

Mudathiri alimshika mkono. Alisema hili, na hakusema jingine tena hadi alipozikwa:

"Da Mwanamina, mkatalie."